Sentensi ndefu za waandishi wetu wa zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara katika darasa letu la jioni la kusoma riwaya na tenzi, hapa mjini Unguja. Wanaouliza ni wanafunzi wa kidato cha tatu mpaka cha sita, walimu wa skuli, na watu wazima waliokwisha kusahau sarufi lakini mapenzi ya kitabu hayajawatoka. Mengine yametufikia kutoka Wete na Chake Chake. Majibu hayalingani kwa urefu, maana maswali yenyewe hayalingani kwa ugumu.

Sentensi changamano ni ipi, kwa maneno ya kawaida?

Ni sentensi yenye kishazi kinachoweza kusimama peke yake, pamoja na kingine, au vingine, visivyoweza. "Wachumaji wameondoka" inasimama. "Waliochuma jana" haisimami; anayekusikiliza atakungoja umalizie. Ukivikutanisha unapata "Wachumaji waliochuma jana wameondoka." Kile kinachosimama ni kishazi huru, na kile kinachongojewa ni kishazi tegemezi.

Urefu si kipimo. "Aliyekuja jana karudi" ina maneno matatu tu, na ni changamano. Na ipo sentensi ya mistari mitano ambayo ni ambatano tupu: vishazi huru vilivyofuatana, vikaunganishwa kwa na, au, lakini, wala. Hiyo huchosha pumzi tu, haimpotezi msomaji.

Nikikutana na sentensi iliyojaa robo ukurasa, nianzie wapi?

Maana iache kwanza. Anza na vitenzi. Chukua sentensi hii, tuliyoitunga kwa ajili ya zoezi, kwa mwendo wa riwaya za miaka ya 1960 na 1970:

"Bi Zuhura, ambaye tangu mumewe aliposafiri kwenda Mkoani hakuwa akitoka nje ila kwa dharura, alipousikia mlango ukigongwa saa ile ambayo watu wa mtaa hukaa barazani wakingojea adhana ya magharibi, alidhani kuwa aliyekuja ni yule dalali aliyemwahidi kumletea bei ya shamba la mikarafuu lililoachwa na baba yake."

Chukua kalamu ya risasi, pigia mstari kila kitenzi. Kisha uvichuje mara mbili.

Mchujo wa kwanza unahusu umbo. Kitenzi chenye kirejeshi ndani yake, yaani kiambishi kinachorudi kwa nomino (-ye-, -o-, -lo-, -cho- na wenzake), chenye -po- au -vyo-, au chenye -ki-, kwa kawaida ni tegemezi. Na kitenzi kilichoanza na ku- hakina nafsi, hakiwezi kubeba sentensi. Hapo wanaondoka aliposafiri, kwenda, alipousikia, ukigongwa, wakingojea, aliyekuja, aliyemwahidi, kumletea na lililoachwa.

Mchujo wa pili unahusu vitenzi vinavyoonekana huru lakini vimekamatwa na neno lililotangulia. "Hakuwa akitoka" ingeweza kusimama, ila imeshikwa na ambaye. "Hukaa" imeshikwa na ambayo. "Ni" imeshikwa na kuwa. Maneno mengine yanayokamata hivi ni kwamba, kama, iwapo, ingawa, kwa sababu, ili, maadamu, ilhali.

Kilichobaki ni kimoja: alidhani. Hicho ndicho kitenzi kikuu. Sasa uliza nani alidhani, utarudi hadi mwanzo kabisa kwa Bi Zuhura. Uti wa sentensi yote ni "Bi Zuhura alidhani", na kila kilichobaki kinajibu swali moja kati ya haya: Bi Zuhura yupi, alidhani lini, alidhani nini.

Wengi hukosea kwa kudhani kitenzi cha kwanza ndicho kikuu. Kwenye sentensi fupi huwa kweli. Kwa waandishi hawa kitenzi kikuu hupenda kukaa katikati au mwishoni, baada ya msomaji kupewa wakati, mahali na hali ya mtu.

Nitajuaje kirejeshi kinarudi kwa nomino ipi, zikiwa zimepangana tatu au nne?

Tazama kiambishi cha ngeli kabla ya kutazama ukaribu. Katika mfano wa juu tuna "bei ya shamba la mikarafuu lililoachwa". Neno lililo karibu na lililoachwa ni mikarafuu, lakini mikarafuu ingetaka iliyoachwa. Li- ni ya shamba. Basi kilichoachwa na marehemu ni shamba, na hakuna mjadala.

Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kurundika nomino bila kumpoteza mtu, kama mizigo ya boti ya Mkoani: hata furushi likitupwa kona gani, jina la mwenyewe limeandikwa juu yake.

Jaribu na hii: "mlango wa nyumba ya mtoto wa bibi". Ukiongeza uliofungwa, umefungwa mlango. Ukiongeza iliyofungwa, imefungwa nyumba. Ukiongeza aliyefungwa, kuna mtu yuko jela, na hapo ngeli haikusaidii tena, kwa kuwa mtoto na bibi wote ni a-. Vivyo hivyo kama mwandishi wetu angeandika iliyoachwa badala ya lililoachwa, tungebaki na bei na mikarafuu zikigombania kiambishi kimoja. Mwandishi makini huliona hilo akaigeuza sentensi. Asiyeliona anakuachia kazi wewe.

"Mtu aliyempiga Juma." Nani kapigwa?

Swali hili huzua ubishi kila mwaka, na pande zote mbili zina haki.

Kiswahili kina kanuni ambayo wazawa wa lugha huifuata bila kuambiwa: kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, mtenda haingii kati ya nomino na kitenzi hicho. Hatusemi "barua Sefu aliyoiandika". Mtenda inabidi arudi nyuma ya kitenzi: "barua aliyoiandika Sefu". Hapa hapana shida, kwa sababu barua haiwezi kuandika na kiambishi a- hakiihusu.

Shida inakuja pale wote wawili ni watu. "Mtu aliyempiga Juma" inaweza kusomwa kuwa mtu ndiye mpigaji, na Juma kakaa nyuma kama mtendwa, mahali pake pa kawaida. Na inaweza kusomwa kuwa Juma ndiye mpigaji, kasukumwa nyuma na kanuni ile. A- ya mwanzo ingefaa kwa yeyote kati yao, na -m- ya katikati vilevile. Umbo halitoi hukumu.

Tufanyeje basi? Kwanza, soma sentensi inayofuata kabla ya kuamua. Mara nyingi mwandishi ameshatoboa nani kaumia. Pili, igeuze kwa amba-: "mtu ambaye alimpiga Juma" na "mtu ambaye Juma alimpiga" hazichanganyiki. Tatu, ijaribu kwa kauli ya kutendwa: "mtu aliyepigwa na Juma". Ile inayoendana na kisa ndiyo maana iliyokusudiwa.

Kuna wanaosema usomaji wa kwanza tu ndio sahihi. Hatukubaliani nao. Fungua riwaya yoyote ya Unguja utakuta "yule kijana aliyemlea bibi yake" na kisa chote kinasema bibi ndiye mlezi. Na mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana haki ya kuutumia utata huo kukupoteza makusudi.

Mbona waandishi wa kwetu hawatumii sana "ambaye"?

Kwa sababu mdomo wa Unguja na Pemba hauutaki sana. Mtu barazani atasema "yule aliyeniuzia" kabla hajafikiria "yule ambaye aliniuzia", na riwaya za kwetu zimeandikwa na watu wenye masikio ya barazani. Amba- hutokea pale inapolazimu: kwenye wakati usiokubali kirejeshi ndani (hatusemi "ameyekuja", tunasema "ambaye amekuja"), kwenye hu- ya mazoea, kwenye -nge-, na pale kirejeshi kingeacha utata kama ule wa Juma.

Usisahau pia kirejeshi cha mwishoni, kisichokuwa na wakati: asomaye, wapendanao, yasemwayo. Wanafunzi wengi hukiona cha kishairi. Kimejaa kwenye nathari ya zamani, na kwenye methali ndiko kwake.

-ki- ina maana ngapi?

Katika kusoma, zitenganishe tatu.

Ya sharti: "Akija mwambie." Jaribu kuweka kama au iwapo, ikikubali, ndiyo hii. Ya hali inayokwenda sambamba: "Nilimkuta akianika karafuu." Jaribu huku. Ya kuendelea, inayofuata kuwa: "Alikuwa akisema peke yake." Hii ya tatu usiihesabu kishazi mbali, ni nusu ya kitenzi kilichotangulia.

Mtego uko kwenye kukanusha. Kinyume cha "ukija" ya sharti ni "usipokuja". Wengi wakiona -po- wanasema ni ya wakati, wakaandika "wakati ambao hukuja". Sivyo. "Ulipokuja" ni ya wakati; "usipokuja" ni sharti. Na ukikuta -japo- ndani ya kitenzi, kama "ujaponiua sisemi", isome "hata ukiniua". Waandishi wa leo wengi wamelitoa lile -japo- ndani ya kitenzi wakaliweka mbele peke yake, ndiyo maana likikutwa mahali pake pa zamani linashtua.

Mfululizo wa -ka- ni sentensi moja au kumi?

Vitabu vya skuli vitakwambia ni ambatano, na mtihani ujibu hivyo. Kwa msomaji, jambo kubwa ni kwamba -ka- haina wakati wake. Inaazima wakati wa kitenzi kilichofungua mlolongo. Ukipoteza kitenzi hicho cha kwanza, hujui tena kama mambo yalitokea, hutokea, au yanaogopwa kutokea.

Nathari ya Unguja iliyochapwa mapema, kama hadithi alizozikusanya Edward Steere hapa na kuzichapisha mwaka 1870, au maisha ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliyojieleza mwenyewe, imejengwa kwa -ka- kuliko kwa kirejeshi. Ugumu wake ni mwingine kabisa. Tazama sentensi hii tuliyoitunga:

"Sultani akamwita waziri akaja akamwambia niletee farasi akakataa."

Vitenzi vinne vimeanza na a-, na a- hiyo imebadilisha mwenyewe mara tatu. Aliyeita ni sultani. Aliyekuja ni waziri, maana aliyeitwa ndiye anayekuja. Aliyesema ni sultani tena. Niletee inathibitisha, kwa kuwa anayeamrisha ni mwenye ufalme. Aliyekataa ni waziri. Hakuna kiunganishi, hakuna jina lililorudiwa. Kinachokuongoza ni zamu: tendo limpatalo mtu hufuatwa na jibu la mtu huyo. Waliokuwa wakizisikiliza hadithi hizi walikuwa na sauti ya msimulizi ya kuwasaidia. Wewe una karatasi tu, kwa hiyo ziandikie zamu pembeni kwa kalamu ya risasi mpaka uzoee.

Angalia pia -ka- isiyosimulia: "nenda kamwite". Hiyo ni "nenda ukamwite", na haina habari na jana.

"Kabla hajafika" ina maana alifika au hakufika?

Kukanusha kwake ni kwa umbo tu. "Kabla hajafika mgeni, nyumba ilifagiwa" haisemi kwamba mgeni hakufika. Inasema kufagia kulitangulia. Ukitaka kujua kama alifika, soma mbele.

Ningejua, ningalijua, ningelijua: ipi ni sahihi?

Skuli inafundisha -nge- kwa jambo ambalo bado lingewezekana, na -ngali- kwa jambo lililokwisha kupita. Waandishi wa zamani wanaifuata kanuni hiyo siku wanapoitaka. Hapa visiwani -ngeli- imeenea sana kwenye mazungumzo na imeingia vitabuni. Kwa wengi wetu inafanya kazi ya -ngali-. Kwenye mtihani, chagua moja na uiweke pande zote mbili za sentensi. Kuchanganya "ningejua" na "ningalikuja" kutakukosesha alama.

Jambo lenye faida zaidi kwa msomaji ni mpangilio. "Ningejua ningekuja": pande zote mbili zina -nge-, hakuna kama, hakuna lau. Kipi ni sharti na kipi ni jibu? Kilichotangulia ni sharti. Zigeuze, "Ningekuja ningejua", na umeshasema jambo jingine kabisa. Lakini likiingia lau, kama au iwapo, mpangilio unalegea: "Ningekuja lau ningejua" inarudi kwenye maana ya kwanza. Basi kwenye sentensi ndefu ya sharti, tafuta kwanza kama kuna neno hilo. Likiwapo, linakwambia sharti liko wapi hata likiwekwa mkiani. Lisipokuwapo, amini mpangilio.

Kukanusha kuna sura mbili: "nisingekuja" na "singekuja", "asingalijua" na "hangalijua". Zote utazikuta, maana haibadiliki.

Na laiti ina tabia yake. "Laiti ningalijua!" mara nyingi haina jibu. Usihangaike kutafuta kishazi huru ambacho mwandishi hakukiandika. Majuto yenyewe ndiyo sentensi.

Naomba maana za haraka za hivi viunganishi vya zamani.

Ilhali na hali ya kuwa: huku jambo jingine likiwa kweli, mara nyingi kwa lawama ("unacheka ilhali nyumba inaungua"). Maadamu na madhali: kwa vile jambo hili limeshathibiti. Pindi: wakati, au iwapo, kwa mujibu wa kitenzi kinachofuata. Mradi: ilimradi sharti hili litimie. Seuze na sembuse hufuata sentensi iliyotaja jambo jepesi, zikaleta zito zaidi: "Hata salamu hakuniitikia, seuze kunikopesha." Baada ya seuze kitenzi huachwa au huwekwa katika ku-, na msomaji ndiye anayekijazia kutoka sentensi iliyotangulia.

Kwenye mazungumzo ya riwaya watu husema "kaja", "keshakwenda". Hiyo ni -ka- ile ile?

Hapana. "Kaja" ni amekuja, "keshakwenda" ni amekwisha kwenda. Ndivyo tunavyosema mjini na mashamba. Ukiichukua kuwa -ka- ya masimulizi utatafuta kitenzi cha kwanza kisichokuwapo. Kipimo ni nafsi: -ka- ya masimulizi hubaki na nafsi yake mbele (akaja, wakaja), na hii ya mazungumzo huanza na ka- au ke- moja kwa moja. Katika ushairi mipaka hiyo huvukwa, kwa sababu mtunzi anayedaiwa mizani hukata a- ya mwanzo.

Ushairi ndio unaonishinda. Sentensi imepinduliwa kila upande. Nifanye nini?

Kwanza jua mtunzi anadaiwa nini. Katika utenzi wa kawaida kila mshororo una mizani 8, mishororo mitatu ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Katika tarbia, shairi lenye mishororo minne kila ubeti, kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, na vina katikati na mwisho. Neno linalokataa kukaa hukatwa, huvutwa, au huhamishwa. Ukiujua mzigo wake hutamlaumu kwa kuweka mtendwa mbele ya kitenzi.

Zoezi jepesi, mshororo tulioutunga darasani: "Mgeni nilomkosa, jana kwetu kafikia." Nilomkosa ni niliyemkosa, imekatwa. Kafikia ni amefikia. Pangua: "Mgeni niliyemkosa jana amefikia kwetu", au "Mgeni niliyemkosa amefikia kwetu jana"? Koma baada ya kina cha kati inaielekeza jana kwa kafikia, lakini koma ya kina huwekwa hata pale maana haikatiki. Tungeisoma kwa namna ya pili, na tungemsikiliza anayeisoma kwa ya kwanza.

Sasa kitu kizito zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake wasia mwaka 1858, kwa Kiswahili cha kaskazini, Kiamu, na tenzi hiyo inasomwa sana hapa kwetu. Inaanza:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maneno yakikushinda: negema ni nisogelee, upulike ni usikilize, asa ni huenda. Sarufi yake ni ya kustaajabisha kwa uchache wa vifaa. Kuna amri moja, negema. Kisha upulike, kitenzi kilichoishia na -e, ambacho kwa nathari ya leo kingetanguliwa na ili. Kisha ukazingatia, yenye -ka-, na -ka- hii haisimulii jambo lililopita. Inafuata kusikiliza na kutaja matunda yake yanayotarajiwa. Kwa mtindo wa skuli: "Nisogelee, binti yangu, ili usikilize wasia, huenda ukauzingatia." Vishazi vitatu na wala hapana kiunganishi hata kimoja cha kutegemeza, uhusiano wote uko kwenye miisho na viambishi vya vitenzi.

Beti chache mbele yapo haya:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Ndoo mbee ni njoo mbele, ujilisi ni ukae. Itazame mishororo miwili ya mwisho. "Nina hadithi, nimependa kukwambia." Ni sentensi mbili? Kwa umbo, ndiyo. Nimependa haina kirejeshi chochote. Kwa maana, ni "nina hadithi ambayo nimependa kukwambia". Kirejeshi hakikuandikwa, mshororo uliofuata umekaa mahali pake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kishazi rejeshi lazima kiwe na -o- au amba- atapita hapa bila kuona kitu. Ukishakiona kwa Mwana Kupona, utakiona kwa wengi, na hata kwa bibi yako: "Nina neno nataka kukwambia."

Mambo mengine mawili ya tenzi za kaskazini yatakuokolea muda. Ki- ya mwanzo wa kitenzi, bila nafsi, mara nyingi ni niki-: kiwa ni nikiwa. Na kuna wakati timilifu uliojengwa kwa kugeuza mwisho wa kitenzi, kama simeme kwa "amesimama" na lele kwa "amelala". Usipoujua utadhani ni nomino, na sentensi itakosa kitenzi.

Ukishazoea hayo, nenda kwa washairi Kamange na Sarahani wa Pemba. Utawaona wako karibu zaidi na mdomo wako, na kwa sababu hiyo hiyo utata wao unateleza; unadhani umeelewa.

Naweza kuziamini koma na nukta?

Kwenye tenzi za zamani, kidogo sana. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na koma tunazoziona leo kwa kawaida zimetiwa na aliyezihamishia kwenye herufi za kirumi. Herufi zile pia zina alama tatu tu za irabu fupi, kwa hiyo e na i, o na u, ziliachiwa msomaji aamue. Ukiona matoleo mawili ya utenzi mmoja yanatofautiana kwa irabu ya kitenzi, usishangae. Chagua inayokupa sentensi yenye maana na vina visivyovunjika.

Kwenye riwaya, koma ni ya mwandishi au ya mhariri. Inasaidia, lakini ngeli inasaidia zaidi. Zikigombana, ifuate ngeli.

Kwa nini hawakuandika sentensi fupi tu, wakatupunguzia tabu?

Kwa sababu ufupi ungewanyima kitu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ambaye riwaya yake ya kwanza ya Bwana Msa, mpelelezi wake, ilichapwa mwaka 1960, alihitaji mahali pa kuweka dalili mbele ya macho ya msomaji bila msomaji kuzitilia maanani. Kishazi tegemezi ndicho mahali hapo. Jicho hukimbilia kitenzi kikuu, na kilichotajwa njiani, kwenye "aliyekuwa na" au "alipokuwa akitoka", hupita bila kuhojiwa. Katika uandishi wa upelelezi hii ni nyenzo ya kazi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi "ruka maelezo, shika kisa" anawafundisha kusoma namna ile ile anayoiomba muuaji.

Kwenye mtihani, sentensi ya "Ningejua ningekuja" ni changamano au shurutia?

Vitabu vingi vya skuli Tanzania vinagawa sentensi nne: sahili, changamano, shurutia na ambatano. Kwa mgao huo ni shurutia, andika hivyo. Wapo wataalamu wanaoiingiza ndani ya changamano, kwa hoja kwamba sharti nalo ni tegemezi, na hoja yao ina nguvu. Lakini anayesahihisha karatasi yako hana nafasi ya kujadiliana nawe.

Ukichanganua kwa matawi, kosa tunaloliona zaidi ni kukitundika kishazi rejeshi chini ya kitenzi. "Waliochuma jana" kinaifafanua nomino wachumaji, kwa hiyo kinakaa ndani ya kundi nomino. "Walipofika" kinakifafanua kitenzi, kinakaa kwenye kundi tenzi.

Nianze na kitabu gani?

Kwa anayeanza tunampa *Kuli* ya Adam Shafi (1979). Kisa ni cha wachukuzi wa bandarini hapa Unguja, sentensi ni nyepesi, na vishazi tegemezi vinakuja kimoja kimoja. Kisha Muhammed Said Abdulla, kwa sababu ya mazungumzo. Kisha *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), ambayo inataka utulivu. Isome asubuhi, si usingizini. Tenzi ziingie baadaye, ubeti mmoja kwa siku, kwa sauti.

Na kamusi?

*Kamusi la Kiswahili Fasaha* la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, linafaa zaidi kwa maneno ya visiwani, na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* kwa mengine. Kumbuka kuvua viambishi kabla ya kutafuta. Asiyemkumbuka hutalikuta kwenye A. Ondoa a-, -si-, -ye-, -m-, utafute kumbuka. Kwa tenzi za kaskazini kamusi hizi hazitoshi; tafuta toleo lenye sherehe, yaani maelezo, ya maneno chini ya kila ukurasa, na ukiwa na toleo la aina hiyo, soma ubeti mzima mara moja kabla jicho halijashuka kwenye sherehe.